Mkataba Aliokataa Kuusoma

Kila Jumamosi asubuhi wanafunzi wa sheria walitoa meza mbili ndefu kwenye baraza ya maktaba yao, wakapanga viti, wakawasomea watu mikataba. Ilikuwa sehemu ya masomo. Mwalimu wao, mwanamke mwembamba asiyependa kelele, alikaa ndani karibu na dirisha, akisahihisha karatasi zake na kusikiliza bila kuonekana anasikiliza. Mtu yeyote aliruhusiwa kuja: mpangaji aliyeambiwa ahame, dobi aliyezungushwa na mteja, mwanafunzi anayetaka kukopa. Unakaa, unatoa makaratasi yako, na mmoja wao anakueleza kwa lugha ya binadamu umeandikiwa nini.

Siku hiyo msichana aliyeitwa Dakta alifika kabla meza hazijapanguswa vumbi. Alingoja hadi Kifungu, mmoja wa wanafunzi hao, alipokaa, naye akakaa mbele yake, akamsogezea jalada la bluu. Kifungu akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma. Akafungua wa pili. Dakta alikuwa akiviangalia vidole vya Kifungu, na kwa sababu hiyo hakuona uso ulipobadilika. Aliona tu jalada likifungwa na kurudi upande wake.

"Huu siwezi kuusoma, Dakta."

"Haueleweki?"

"Unaeleweka. Mpelekee mwenzangu pale, yule mwenye shati la mistari. Ni mzuri kuliko mimi."

"Lakini ule wa benki ulinisomea wewe."

"Ndiyo maana," alisema Kifungu, kisha akanyanyua macho juu ya bega la Dakta. "Anayefuata."

Anayefuata alikuwa mama mmoja mnene mwenye risiti za kodi ya nyumba ndani ya mfuko wa nailoni, naye hakungoja kuitwa mara mbili. Dakta akachukua jalada lake, akasimama. Hakwenda kwa mwenye shati la mistari. Alikuwa na haya tangu utoto. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayesema samahani. Alishuka ngazi za maktaba kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni, na alipofika nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka, ndipo akasimama.

Mjomba wake ndiye aliyempa jina la Dakta, zamani, siku aliyojipiga nyundo kidoleni na mpwa wake wa kike akakifunga kwa kitambaa cha mama, akafunga na vidole vingine vyote vilivyokuwa vizima, kwa tahadhari. Jina likamganda. Sasa alikuwa mwaka wa nne wa udaktari wenyewe, na tatizo lilikuwa moja tu: hakujua nani atamlipia amalize.

Mkopo wa bodi ya serikali ulimfikisha hapo alipo. Lakini kuanzia mwaka wa nne mwanafunzi anatoka darasani na kuingia wodini, na gharama zinapanda, na mkopo wa bodi haupandi nazo. Kwenye darasa lao wengine walikwenda kwa baba zao. Wengine waliahirisha mwaka, na wote wakajua maana ya kuahirisha: wengi hawarudi. Dakta alibakiwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa benki, iliyokuwa na mkopo maalumu kwa wanafunzi wa udaktari na sheria, kwa kuwa benki inaamini watu wa aina hizo mbili hawakosi kula mahali popote. Riba yake haikuwa ya kukata shingo, na kulipa kulianza baada ya kupata kazi. Ila benki ilitaka mdhamini mwenye hati ya nyumba. Ya pili ilikuwa hospitali moja ya mbali, safari ya kulala njiani. Hiyo ingelipa kila kitu mpaka mwisho, na isingedai hata senti. Ilidai miaka. Ukishahitimu unakwenda kuitumikia miaka sita, na ukivunja unarudisha pesa zote pamoja na faini. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na ingefungwa Ijumaa iliyofuata.

Alikuja kwenye meza za Jumamosi mara ya kwanza akiwa na mkataba wa benki tu. Akaangukia kwa kijana mrefu aliyeitwa Kifungu na darasa zima, maana hakuweza kusema jambo bila kutaja limetoka kifungu gani. Hata chai aliagiza hivyo: "Kwa mujibu wa kifungu cha njaa, nipe na maandazi mawili."

"Huyu mdhamini kazi yake hasa ni nini?" Dakta alimuuliza siku ile.

"Mjomba wako anaiambia benki: huyu binti asipolipa, nitalipa mimi. Nami nisipolipa, chukueni nyumba."

"Na nikifa?"

"Usife," alisema Kifungu haraka, kisha akainamisha kichwa na kutafuta ukurasa. "Yaani, kuna bima. Kifungu cha kumi na moja."

Jumamosi iliyofuata Dakta alirudi na swali ambalo jibu lake alikuwa analo. Na nyingine iliyofuata vilevile. Kifungu naye, aliyesifika kwa kusoma kama mashine, alianza kusoma polepole, akirudia mistari isiyo na utata wowote. Kati ya ukurasa na ukurasa waliongea. Kifungu alimweleza kwamba wanafunzi wa sheria hawana hospitali ya kuwangoja. Wana benki, au wana bahati. Yeye alipata bahati: ofisi ya mawakili hapo mjini ingemlipia mwaka wa mwisho, ule wa shule ya uwakili, kwa sharti awafanyie kazi miaka minne bila kuhama. Alikwisha kutia saini. Alisema hivyo huku akiigonga meza kwa kalamu, kama mtu anayehakikisha msumari umeingia.

Siku moja alimuuliza, "Dakta, moyo ukienda mbio na mtu hajakimbia, ni ugonjwa gani?"

Dakta, ambaye wiki hiyo alikuwa na mtihani, alikaa sawa akamjibu kikamilifu. Inaweza kuwa upungufu wa damu. Inaweza kuwa tezi ya shingo. Kahawa nayo inachangia. Alimwuliza kama analala vizuri, akamshauri akapime.

Kifungu akaenda kupima. Jumamosi iliyofuata akaleta majibu, akayaweka mezani bila neno. Damu nzuri, tezi nzuri. "Basi ni kahawa," alisema Dakta, akafurahi kwa dhati kwamba mgonjwa wake ni mzima.

Mpaka hapo hakuna aliyesema kitu. Na sasa jalada lilikuwa limerudishwa.

Jumapili alikwenda nyumbani. Mama yake alikuwa barazani kwenye cherehani, pini mdomoni, akitia mikono gauni la mteja asiye na subira. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa uani kwenye karakana yake ya useremala, akipiga randa mlango. Nyumba ilikuwa yake. Dada yake na mpwa wake walihamia humo baada ya msiba wa baba, na hakuna aliyewahi kuwaambia wahesabu siku.

"Dakta wangu," mjomba alisema akijikung'uta maranda kwenye suruali. "Hati nimeshaitoa sandukuni. Ipo kwenye mfuko, juu ya kabati. Niambie tu niende benki lini, nivae lile koti langu la harusi."

"Mjomba, sijaamua."

"Unaamua nini tena? Nyumba hii nimeijenga kwa nyundo na matusi. Hao benki wakija kuichukua watakuta nusu ya milango haifungi, watairudisha wenyewe." Akacheka. Dakta akacheka naye, ila macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mjomba. Ile ya kulia sasa ilikuwa ikitetemeka kidogo anapoiweka randa chini. Mwenyewe alisema ni baridi, na hapakuwa na baridi.

Mama alitoa pini moja mdomoni. "Kaka, mtoto hajasema anataka."

"Mtoto hasemi chochote kamwe. Tukimngoja aseme tutazeeka."

Alipokwenda jikoni kuchukua maji, mama akamfuata, na gauni la mteja begani.

"Hospitali ile ulikwenda likizo ya mwaka jana, kwa mafunzo," alisema mama. "Ukarudi unazungumza hata usingizini. Mkunga sijui nani, mtoto sijui yupi alizaliwa mikononi mwako. Sasa imekuwaje benki?"

"Ni mbali, mama."

"Mbali na nani?"

Dakta akanywa maji. Glasi ilipokwisha, akaiangalia kama bado imejaa.

"Mimi nitakukosa," mama alisema, "hilo usiniulize. Lakini ukiwa mbali mimi nitakuwa hapo barazani na cherehani yangu. Nyumba ikiondoka, hiyo cherehani nitaiweka kichwani?" Kisha, kama aliyeona amesema mengi, akamnyoosha mwanawe kola ya blauzi ambayo haikuwa imekunjamana, akarudi kwenye kazi yake.

Wiki ile wodini hakuwa mtu. Alisikiliza kifua cha mgonjwa mmoja mpaka mgonjwa akamuuliza kama bado yupo hai. Kila alipopita dirisha la ghorofa ya pili, lile linaloangalia upande wa maktaba ya sheria, aligeuza kichwa bila kutaka. Baraza ilikuwa tupu. Meza hutolewa Jumamosi tu. Alijiambia kwamba anaudhika. Alijua jinsi watu wanavyoudhika, na haikuwa hivi. Mtu aliyeudhika hatafuti bega fulani refu katika kila kundi la watu wanaovuka uwanja.

Aliyemfungua macho alikuwa mwenzake wa chumbani, msichana wa sheria, darasa moja na Kifungu, waliyemwita Mheshimiwa kwa sababu hata kuomba sabuni aliomba kama yuko bungeni. Jumatano jioni walikuwa kwenye makaro ya kufulia, nyuma ya bweni. Mheshimiwa alikuwa akisugua shuka, na Dakta akisuuza koti lake jeupe kwa muda mrefu kuliko koti lilivyohitaji.

"Ndugu yangu, hilo koti limeshakiri makosa yote," alisema Mheshimiwa. "Liachie. Sema una nini."

Dakta akamwambia. Ilichukua muda, kwa kuwa aliyameza maneno mengine.

"Kwa hiyo akakurudishia jalada."

"Alinirudishia kama chenji."

"Alisema nini? Yaseme kama yalivyo, usiongeze chumvi."

"Alisema hawezi kuusoma, niende kwa mwenzake. Nikamwambia ule wa benki alisoma yeye, akasema ndiyo maana."

Mheshimiwa aliacha shuka likaelea kwenye karo. "Na mkataba wenyewe ulikuwa wa ile hospitali? Ya kukupeleka huko mwisho wa dunia?"

"Ndiyo."

"Sasa sikiliza, bibie. Sisi tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa jambo moja. Ukiletewa shauri na ukajiona una chako ndani yake, unajitoa. Hupigi hesabu, hutoi hotuba, unajitoa na kumpa mwingine. Hakimu akiletewa kesi ya shemeji yake hakai kuisikiliza."

"Ana chake gani pale? Hospitali si ya baba yake."

Mheshimiwa akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyevaa blauzi nje ndani. "Huko kwenu mnafundishwa nini, majina ya mifupa tu? Msichana ukisaini ule, unaondoka. Ukisaini wa benki, unabaki. Yeye ofisi yake ipo hapa na amefungwa miaka minne. Sasa niambie nani ana faida ukibaki."

Dakta aliliachia koti. Maji ya karo yalikuwa yakimwagika juu ya viatu vyake.

"Si angesema?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Aseme wapi? Pale mezani, wewe umekaa upande wa mteja na mwalimu yuko dirishani? Angesimamishwa mwezi mzima. Na hata kama asingesimamishwa, aseme 'chukua wa benki', wewe uweke rehani nyumba ya mjomba wako, halafu mambo yaharibike? Yule hana jeuri hiyo. Yule alipima damu kwa sababu ulimshauri."

"Ulijuaje?"

"Darasa zima tunajua. Alituonyesha majibu. Tuliyapitisha."

Dakta alifunika uso kwa mikono yenye povu. Alikuwa akicheka, au kitu kinachofanana na kucheka, na machozi ya sabuni yakamsaidia kuficha mengine.

Alipolala kitandani jioni ile, furaha ilimjia kwanza, kubwa na ya kitoto, akaibana chini ya shuka. Baada yake likaja jambo lingine taratibu, na hili halikumfurahisha. Mama aliuliza mbali na nani. Hospitali ile aliipenda. Aliipenda tangu alfajiri moja mkunga wa zamu alipomwita mwanangu na kumwachia mikono yake ipokee, na yeye akapokea, na kile kiumbe kikapiga kelele kwa hasira ya haki. Daktari pekee wa wodi ile hakuwa amekwenda likizo tangu lini hata mwenyewe hakukumbuka. Dakta alirudi mjini akijua atakwenda kule. Benki iliingia baadaye. Mwanzoni ilikuwa ya kulinganisha tu; meza za Jumamosi ndizo zilizoifanya jibu. Alikuwa karibu kuitoa nyumba ya mjomba, milango isiyofunga na cherehani ya barazani, ili yeye aendelee kukaa mbele ya kijana mmoja na kusikia akisoma polepole.

Alhamisi baada ya zamu alimkuta Kifungu kwenye ngazi za maktaba, ana vitabu mapajani na havisomi. Alipomwona alisimama, kitabu kimoja kikaanguka, akakiacha palepale.

"Dakta. Jumamosi ile..."

"Nimeelezwa," alisema Dakta. Alikuwa amejizoeza sentensi njia nzima, na sasa zote zilikuwa zimetawanyika kama kuku. Akakaa kwenye ngazi ili asilazimike kumwangalia. "Sijaja kwa wakili. Leo meza hazipo. Nimekuja kukuuliza wewe."

Kifungu akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. "Niulize."

"Unataka nini?"

Kifungu alikiokota kile kitabu. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutaja kifungu chochote.

"Nataka ubaki," alisema. "Nataka hivyo kiasi kwamba nikiusoma ule mkataba kila mstari naona una kasoro. Nilisoma kurasa mbili, nikatafuta mahali pa kukutisha. Hapakuwa na mahali. Ni mkataba mzuri, nimeona mibaya mingi. Ningekaa dakika moja zaidi ningekudanganya. Ndiyo maana nikakurudishia. Na nilikurudishia vibaya, kama mtu anayefukuza mbuzi. Nisamehe."

Dakta alisikia kila neno likishuka mahali pake. Alitaka ayasikie tena yote, kuanzia mwanzo, hata lile la mbuzi.

"Mimi nilikuwa nakuja na maswali ya uongo," alisema. "Kile kifungu cha bima nilikielewa siku ya kwanza."

"Nilijua. Nami nilikuwa nakueleza vibaya makusudi."

Wakacheka, wote wawili wakiangalia mbele. Uwanjani watu walikuwa wakivuka, kila mtu na haraka yake.

"Kesho nakwenda kutia saini ule wa hospitali," alisema Dakta.

Kifungu alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha akaendelea kukitikisa kidogo kidogo kama asiyejua pa kukomea. "Nyumba ya mjomba."

"Nyumba ya mjomba. Na mimi mwenyewe pia. Nataka kwenda kule. Ningekuwa nasingizia nyumba peke yake ingekuwa rahisi, ungemchukia mjomba." Akalinyoosha koti lake jeupe magotini. "Nataka vyote viwili na havikai pamoja. Nimejaribu kuvipanga kila namna."

"Ningeomba ile ofisi yangu..."

"Umeshasaini."

"Nimeshasaini," alikubali Kifungu. "Nikivunja, kaka yangu ndiye mdhamini."

Kila mmoja alikuwa na mtu wake nyuma yake, aliyesimama na mfuko wa hati mkononi, akitabasamu, akisema niambie tu niende lini.

"Utasaini saa ngapi?" aliuliza Kifungu.

"Asubuhi. Kabla ya wodi."

"Nikusindikize? Sitaingia ndani. Nitakaa kwenye korido, nisome matangazo."

Asubuhi Kifungu alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Ofisi ya ufadhili ya chuo ilikuwa mwisho wa korido, na karani wake alikuwa mtu wa makamo anayenong'ona kana kwamba pesa zimelala chumba cha pili. Alimpa Dakta kalamu, akamwonyesha mahali, akamwonyesha pengine. Dakta aliandika jina lake kamili, lile lisilotumiwa na mtu yeyote anayempenda, ukurasa baada ya ukurasa. Karani akapiga muhuri, akampa nakala, akamnong'oneza hongera.

Alipotoka, Kifungu alikuwa mbele ya ubao wa matangazo, amelisoma tangazo la chumba cha kupanga mpaka ukingoni.

"Tayari?"

"Tayari."

Alinyoosha mkono kupokea jalada, Dakta akampa, na hapo ndipo vidole vyao vilipokutana kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyeharakisha kuvitoa.

"Unahitimu mwaka kesho kutwa," alisema Kifungu. "Kuondoka bado."

"Bado."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Wodini. Nimechelewa."

"Njia yangu ni hiyohiyo," alisema, na njia yake ilikuwa upande wa pili kabisa.

Wakatoka nje wakafuata ukuta wa hospitali ya chuo, mwendo wa watu wasio na kazi. Kifungu alikuwa akimweleza habari za mama yule wa risiti za kodi, kwamba wameshinda, kwamba mwenye nyumba amemrudishia godoro lake. Dakta alimsikiliza. Alimtazama anavyoinama kidogo anapozungumza na mtu mfupi, anavyolishika jalada la bluu kifuani kwa mikono yote miwili. Alikuwepo hapo, hatua moja pembeni yake, na Dakta alikuwa ameshaanza kumkumbuka.

"Rudia," alimwambia. "Pale alipoleta godoro. Sikusikia vizuri."

Kifungu akamtazama, akarudi nyuma kidogo katika hadithi yake, akaanza tena, polepole.